Suruali na Usalama wa Taifa

Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tulipita kwenye daladala, kisha tukaingia kwenye kikao cha ofisini ambako mwenye shahada ya uzamili huombwa amimine chai kwa sababu amevaa hereni. Wasomaji wa kiume wakaniletea lawama ileile kwa maneno tofauti: nyie watu wa Beijing, wa ule mkutano wa wanawake, mnapenda mambo madogo madogo. Chai, kiti, nani kaitwa "mrembo" kazini. Kuna vita, kuna njaa, kuna deni la taifa, na mwanamke msomi yuko bize kuhesabu vikombe.

Lawama nimeipokea. Leo tuangalie ni nani hasa amekuwa akihangaika na mambo madogo, na tuanze na suruali.

Tarehe 1 Juni 2021 Bunge la Tanzania lilikuwa Dodoma kwenye mkutano wa bajeti, msimu ambao wizara hupita moja baada ya nyingine kuomba mabilioni. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, akasimama kuomba mwongozo wa Spika. Mwongozo si jambo la mzaha. Huombwa pale mbunge anapotaka Spika aseme kama jambo lililotokea bungeni linaruhusiwa na kanuni. Siku hiyo jambo lenyewe lilikuwa suruali ya Condester Sichalwe, mbunge wa Momba. Kwa macho ya mheshimiwa, ilikuwa inabana. Ili asikosewe mtu, akamtambulisha kwa rangi ya blauzi yake, njano. Spika Job Ndugai akamtaka mbunge huyo atoke akavae vizuri ndipo arudi, naye akatoka. Wabunge wanawake wakaja juu, wakataka mwenzao aombwe radhi. Picha zikazunguka mitandaoni, taifa zima likageuka fundi cherehani, kila mtu na futi kamba yake. Rais wa nchi, kwa zaidi ya miezi miwili hadi siku hiyo, alikuwa mwanamke.

Ugomvi haukuwa suruali yenyewe, maana suti za suruali wabunge wanawake huvaa. Ugomvi ulikuwa kubana, na kubana hakuna kipimo. Suruali za modo zimeingia hadi kwenye suti za wanaume, na wapo waheshimiwa ambao wakikaa mishono inaomba dua. Sijasikia mwongozo.

Kabla mtu hajaniambia kwamba suruali ya mwanamke ni mambo ya Kizungu, nimrudishe Unguja ya karne ya 19. Sayyida Salme binti Said, ambaye Ujerumani alikuja kujulikana kama Emily Ruete, ameyaeleza mavazi ya mabibi wa jumba la sultani katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, na ndani yake imo suruali ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Suruali yenye marinda ilikuwa alama ya ubibi. Waume zao walivaa kanzu, na ndani ya kanzu shuka. Kwa maneno mengine, ilikuwepo miaka pwani hii ambapo mwenye suruali ndani ya nyumba alikuwa mke, na bahari haikukauka.

Wenye wasiwasi walikuwa Ulaya. Novemba 1800 polisi wa Paris walitoa amri: mwanamke anayetaka kuvaa kiume aje kituoni aombe kibali. Mwaka 1892, na tena 1909, amri ikalegezwa. Suruali ruksa, mradi mwanamke awe ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Mfikirie askari aliyepewa kazi hiyo. Bibi akiwa na baiskeli ni raia mwema. Akiiegemeza ukutani anunue mkate, amevunja sheria. Amri hiyo ilibaki vitabuni hadi Januari 2013, waziri wa haki za wanawake, Najat Vallaud-Belkacem, alipotangaza kwamba haina nguvu tena. Katika muda huo Ufaransa ilipitia vita kuu mbili, ikapata na kupoteza makoloni, ikatengeneza bomu la nyuklia. Wamarekani nao wasicheke sana: ukumbi wa Seneti yao haukumzoea mwanamke mwenye suruali hadi mwaka 1993, Barbara Mikulski na Carol Moseley Braun walipoingia nazo.

Turudi nyumbani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, mikorogo na suruali za kubana. Miaka hiyohiyo, serikali ya nchi hiyohiyo ilikuwa na kampeni nyingine kaskazini, ya kuwavisha suruali wanaume wa Kimaasai waliokuwa wametosheka kabisa na lubega zao. Mtu aliyesimama katikati ya Dar es Salaam na Arusha angesikia sauti kutoka pande zote mbili: wewe vua, wewe vaa.

Malawi ya Kamuzu Banda haikutaka mambo ya kupimapima. Sheria ya mwaka 1973 ilikataza mwanamke kuvaa suruali, basi. (Wanaume nao walikatazwa nywele ndefu, tusiwanyime haki yao.) Sheria ikaja kufutwa, lakini Januari 2012 wachuuzi wa mitaani wakajipa wenyewe kazi ya kuitekeleza, wakawavua wanawake nguo hadharani, na wanawake wakaandamana. Aprili mwaka huohuo Malawi ikapata rais mwanamke, Joyce Banda. Novemba 2014 ikawa zamu ya Nairobi: mwanamke akavuliwa nguo na wanaume kwenye stendi ya magari, wenzake wakamiminika barabarani kudai haki ya kuvaa wapendavyo. Hapo sina utani. Mkubwa akisimama jukwaani kusema nguo ya mwanamke ni mali ya umma, kijana wa stendi anamsikia, naye hana mamlaka ya kuomba mwongozo. Ana mikono tu.

Ninayempenda kuliko wote ni Lubna Hussein, mwandishi wa habari wa Sudan. Julai 2009 polisi waliingia kwenye mgahawa mmoja Khartoum wakakamata wanawake waliovaa suruali. Adhabu ilikuwa hadi viboko 40. Baadhi ya wenzake walikubali kosa, wakachapwa kumi, wakaenda zao. Lubna alikuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa, kinga ya kutoshtakiwa alikuwa nayo. Akaacha kazi ili ashtakiwe. Kisha akachapisha kadi 500 za mwaliko, akazigawa: karibuni kwenye kesi yangu. Sisi tunaojua uzito wa kadi (maana kadi huja na mchango) tunaelewa kwamba mahakama ilikuwa imeshindwa kabla ya kuketi. Akaenda na suruali ileile. Akahukumiwa faini, akakataa kulipa, akapelekwa gerezani, na kesho yake chama cha waandishi wa habari kikamlipia, yeye mwenyewe akiwa hataki.

Sasa nipime upya lawama ya wasomaji wangu. Amri za polisi, operesheni, sheria, mahakama, viboko, na muda wa Bunge katikati ya bajeti: vyote vimetumika kwa kipande cha kitambaa chenye miguu miwili. Sisi tulihesabu vikombe tu.

Siwaachi na wa upande wetu. Kila Machi 8 tunashona sare ya kitenge, tunamwalika mgeni rasmi mwanamume, anatuambia bila wanawake hakuna taifa, tunampigia vigelegele, anaondoka kabla mwanamke wa kwanza hajashika kipaza sauti. Tuna warsha za ufeministi ambamo wanaume wanazungumza na wanawake wanaandika kumbukumbu. Na siku ile ya Dodoma, wengi waliokuwa mstari wa mbele kuikuza ile picha kwenye simu na kusema "lakini kweli imebana" walikuwa akina dada.

Mimi vita yangu ya sasa ni ya mifuko. Nilimpelekea fundi kitambaa cha suruali, nikamwambia aniwekee mifuko miwili ya kuingia mkono.

"Ya nini mama? Si una mkoba?"

"Simu na funguo, fundi. Kama za baba unazomshonea."

Akatikisa kichwa: mifuko ya ndani itaharibu shepu, na watu watasema fundi gani huyu. Tulivutana hadi wateja wengine wakaanza kupiga kura. Mwishowe akakubali kushona mfuko wa kweli upande wa kulia, na wa kushoto akaushona mdomo tu, wa urembo.

"Hamsini kwa hamsini," akasema, akanitajia bei ya miwili.