Mapenzi ya kwenye gemu: nani anachagua, nani anachaguliwa?

Mwezi huu tumeamua kuongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi wanaliona kwa mbali tu. Mtoto ameinamia simu, saa mbili nzima, anatabasamu peke yake. Mzazi anadhani ni mpira au vita. Kumbe kijana anaposa!

Ndiyo, anaposa. Kuna gemu za hadithi ambamo mchezaji anachukua nafasi ya mtu fulani, labda mpiganaji, labda mkulima, na safari nzima anaiongoza yeye. Akisemeshwa, kwenye kioo yanatokea majibu matatu au manne, naye anachagua moja. Kwa majibu hayo hayo anaweza kupendwa, kuchumbia, hata kuoa au kuolewa. Tena si mambo ya jana. Huko Japani kampuni ya Konami ilitoa Tokimeki Memorial mwaka 1994, mchezaji akiwa mwanafunzi mwenye miaka mitatu ya shule ya kujitengeneza mpaka apate mchumba. BioWare ya Kanada ikaja na Baldur's Gate II mwaka 2000, Mass Effect mwaka 2007 na Dragon Age: Origins mwaka 2009, na tangu hapo mapenzi ya kuchagua yamekuwa kama chumvi katika gemu za namna hii.

Tuchukue moja ambayo inaingia kwenye simu, Stardew Valley, iliyotoka mwaka 2016. Kijana anarithi shamba la babu yake. Kijijini wapo watu 12 wa kuchumbia, wanawake 6 na wanaume 6. Kila mmoja ana mioyo yake imechorwa, nayo inajazwa. Inajazwa na nini? Maongezi kidogo, na zawadi zisizozidi mbili kwa wiki. Ukijua anachokipenda, mioyo inajaa mbio. Ikifika 8 unampa shada la maua. Ikifika 10 unasubiri siku ya mvua, unashuka ufukweni kwa mzee mmoja baharia, unanunua kidani cha pesa 5,000 na kumpelekea mpenzi. Nyumba pia iwe umeshaipanua (hapo wakwe wa Rumonge watasema, angalau!). Halafu anakubali. Mioyo ikishatimia na masharti yakitimia, hakuna anayekataa.

Ukimchoka, talaka ni 50,000. Na yupo mchawi porini, kwenye kibanda chake ukiweka 30,000, yule uliyemwacha anasahau kwamba aliwahi kuwa wako. Sisi tulipoelewa hilo tulinyamaza kidogo.

Dragon Age nayo inahesabu. Kila mwenzako wa safari ana namba ya kukukubali, kuanzia chini ya sifuri mpaka 100, na zawadi zinaipandisha. Unaweza kumuudhi mtu asubuhi kwa uamuzi mbaya, jioni ukampa kitu, namba ikarudi. Haya ndiyo mafundisho ambayo kijana anayapata bila mwalimu.

Tuseme haki pia. Zipo gemu zinazomrudishia mchezaji. Katika Mass Effect, uliyempenda katika sehemu ya kwanza anakumbuka mpaka sehemu ya tatu ya mwaka 2012, na ukiwa umemsaliti katikati atakuuliza. Katika The Witcher 3 ya mwaka 2015, mwanamume anayewaambia wanawake wawili kwamba anawapenda anawekewa mtego: wanajifanya kukubali wote, wanamfunga, wanaondoka zao. Mshika mawili, moja humponyoka, na huyu yamemponyoka yote. (Wazazi, hiyo ya mwisho ni ya watu wazima, Ulaya imewekewa alama ya miaka 18. Msiwaachie watoto.)

Sasa tugeuke kwetu ziwani. Kule mwambaoni, kuanzia Magara na Minago mpaka Rumonge na kushuka Nyanza-Lac, kijana hakuwa anachagua peke yake na kidole. Wazee walitumwa, maneno yakapelekwa na kurudishwa, inkwano ikajadiliwa. Ilichukua muda. Kijana wa kuvua ndagala alipaswa kuonyesha kwamba pesa ya usiku anaifikisha nyumbani, na mwenye michikichi alijulikana shamba lake linaishia wapi. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba ugomvi ukitokea kesho, wapo watu waliosimama pale mwanzo, wanaitwa.

Lakini tusijidanganye eti zamani kila kitu kilikuwa sawa. Wasichana wangapi waliambiwa tu, siku ya fulani wageni watakuja? Sheria ya Burundi ya mwaka 1993 juu ya watu na familia ndiyo iliyoandika wazi: mwanamke awe na miaka 18, mwanamume 21, na kila mmoja akubali yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, gemu na mila ya zamani zinakutana mahali pamoja. Kwenye gemu anachagua mchezaji, kwenye mila walichagua wazee, na yule anayeposwa pande zote mbili anasubiri.

Na hapa kambini? Hapa ndipo linapouma. Wazee wengine wako mbali, wengine wamekufa, inkwano haipatikani, vijana wanaanza kuishi pamoja tu. Mvulana anamnunulia msichana vocha, sabuni, kanga. Zawadi si kosa. Kosa linaanza pale anapohesabu. Ameshatoa mara kumi, mioyo yake anaiona imejaa, basi akiambiwa hapana anasema ameibiwa! Anadai, anatukana, wengine wanafika hata kupiga. Hatusemi gemu ndiyo iliyomfundisha, maana wapo wanaume ambao hawajawahi kushika simu ya kioo na wanahesabu hivyo hivyo. Ila gemu inaihesabu waziwazi, kwa namba, na kijana anaiona kila siku.

Iko gemu moja ambayo tungependa vijana waijue, Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Ilitengenezwa Yaoundé, Kamerun, na kampuni ya Kiro'o Games, ikatoka mwaka 2016, inachezwa kwenye kompyuta. Mwana wa mfalme, Enzo, siku ya kutawazwa ndiyo siku ya kumwoa Erine. Siku hiyo hiyo kaka yake Erine anapindua nchi. Maharusi wanatoka wakimbizi, wawili, wanazunguka dunia wakitafuta msaada wa kurudi. Hapo hakuna kuchagua mke, ameshachaguliwa kabla hujagusa kitu. Kazi yote iliyobaki ni kutembea pamoja, na Erine yuko pembeni hata kwenye vita. Waliofika Kagunga mwezi wa tano mwaka 2015, wakasubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, hawahitaji kuelezwa hadithi hiyo. Wapo waliopanda wakiwa na ndoa ya wiki chache.

Kwa vijana wa mchezo wa kuigiza tuna wazo. Wengi mnaijua ile michezo ambayo mtazamaji anasimamisha, anapanda jukwaani, anachukua nafasi ya mtu na kujaribu njia nyingine. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyeieneza tangu miaka ya 1970. Ni gemu hiyo hiyo ya kuchagua majibu, tofauti ni kwamba unayemposa ni mtu. Majibu yake hayakuandikwa na kampuni. Mvulana apande aseme maneno yake mazuri kabisa, na zawadi mkononi, halafu msichana ajibu anavyotaka. Akikataa, mchezo usiishe. Tuone mvulana anafanya nini dakika inayofuata, anasema nini, anaondoka vipi, na ile zawadi anaiacha au anaidai.

Ukurasa wa barua una nafasi. Kina dada, hasa nyinyi, tuandikieni mngemjibu nini.