Wiki Mbili za Mbelewele

Mei 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza makisio ya mahindi ambayo nchi hiyo haikuwahi kuyafikia: busheli 166 kwa ekari. Kwa vipimo vyetu ni kilo 4,200 na ushei, yaani magunia 42 ya kilo 100. Julai makisio yakashushwa hadi magunia 37. Agosti yakawa 31, na hapo ndipo mavuno yenyewe yalipokuja kuangukia. Katika soko la Chicago bei ilipanda ikavuka dola 8 kwa busheli moja, ambayo ni kilo 25.4 tu.

Walikuwapo waliosema wataalamu walilala. Mimi siwalaumu sana, kwa sababu makisio ya mwanzo wa msimu hayatabiri mvua. Huanza na mavuno ya miaka mingi yaliyopita, ambayo hupanda kidogo kidogo kadiri mbegu na mbolea zinavyoboreka, kisha huchukulia kwamba hali ya hewa itakuwa ya kawaida. Mwaka ule wizara iliongeza hata busheli 2 juu ya mwelekeo huo, kwa kuwa wakulima walipanda mapema. Machi ilikuwa Machi yenye joto kuliko zote zilizopimwa Marekani, udongo ukawahi kupata joto, na mashine zikaingia shambani. Kwa kawaida anayewahi kupanda hulikwepa jua kali, kwa kuwa mahindi yake huchanua kabla halijachachamaa. Safari hii jua nalo liliwahi. Mahindi mengi ya Illinois, Indiana na Missouri yalitoa mbelewele kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, na Julai ile ikawa mwezi wenye joto kali kuliko wowote uliokuwa umerekodiwa hadi wakati huo katika majimbo 48 ya bara.

Kiini cha mambo kiko katika wiki hizo mbili hivi za kuchanua. Kila unywele katika ndevu za hindi ni njia ya punje moja. Chavua hudondoka kutoka kwenye mbelewele juu ya mmea, hushika unywele, kisha hushuka ndani yake hadi kwenye gunzi ili punje itungwe. Unywele usiopata chavua hauna punje. Mmea ukiwa na kiu, mbelewele hutoka karibu na siku yake ya kawaida, lakini ndevu huchelewa, kwa kuwa ili zirefuke zinahitaji maji mengi. Zikija kutokeza, chavua imeshapeperuka. Joto linapokaribia nyuzi 38 chavua yenyewe hufa, na ndevu hukauka kabla hazijapokea kitu. Mvua inayonyesha baadaye itarudisha rangi ya majani na kunenepesha punje zilizokwisha kushika, ila haitungi punje mpya. Watafiti wa mbegu wanalijua hili vizuri. Kwa miaka mingi CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, kimechagua mahindi yanayostahimili ukame kwa kuhesabu siku zinazopita kati ya mbelewele na ndevu. Zikiwa chache, mbegu ina matumaini.

Joto na ukame, isitoshe, huchocheana. Udongo wenye unyevu hutumia sehemu kubwa ya nguvu za jua kugeuza maji kuwa mvuke. Udongo mkavu hauna cha kugeuza, kwa hiyo nguvu zote hizo huishia kuipasha hewa. Mwaka 2011 mtafiti David Lobell na wenzake walichambua majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanyika barani Afrika. Waligundua kwamba kila nyuzi moja ya ziada juu ya 30, ikidumu siku moja, ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 hata pale mvua ilipotosha. Penye ukame hasara ilifika asilimia 1.7. Wastani wa joto la msimu, basi, husema machache mno. Siku tano za nyuzi 36 huweza kujificha ndani yake.

Tazama sasa soya, kwa jua lile lile la 2012. Makisio yalianza karibu kilo 1,190 kwa ekari, yakashuka hadi 960 mwezi Septemba, na magazeti yakaandika kama yalivyoandika kuhusu mahindi. Mavuno yalipoingia yalikuwa karibu kilo 1,080. Soya huchanua kwa wiki kadhaa, hudondosha maua mengi hata mwaka mzuri, na hujaza maganda yake Agosti na Septemba. Mvua za mwishoni mwa Agosti, nyingine zikiwa mabaki ya kimbunga Isaac, ziliikuta bado ina nafasi. Mahindi hayakuwa na nafasi hiyo.

Alizeti, ambayo ndiyo inayotuhusu Singida na Dodoma, ina mzizi mrefu unaochimbua maji ya chini na huvumilia ukavu wa mwanzo. Ila ikikaukiwa wakati mbegu zinajaa, kiasi cha mafuta ndani ya mbegu hupungua pamoja na uzito. Ndiyo maana makisio ya tani pekee humdanganya mwenye mashine ya kukamua.

Setilaiti zinazotumika kukisia mavuno nazo zina upofu wake. Hulinganisha miale myekundu na ya infraredi inayorudishwa na majani, kisha hutoa kipimo cha ukijani. Shamba la mahindi lililokosa chavua linaweza kubaki kijani kibichi wiki nyingi huku magunzi yakiwa na mapengo. Kwa ukanda wetu naona afadhali kipimo kilichoasisiwa na FAO, kinachohesabu kila siku kumi maji ambayo mmea ulihitaji na yale uliyopata, mradi tarehe ya kupanda iwe sahihi. Ikikosewa kwa wiki tatu, ukame wa kuchanua utahesabiwa kama ukame wa kipindi cha kukuza majani, na shamba lililoharibika litaandikwa zima.

Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu hupandwa Machi na Aprili, na kwa baridi ya nyanda zile mengi huchanua Juni kuelekea Julai. Ya Mbeya na Ruvuma, yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba na Desemba, huchanua karibu na Februari. Makisio ya Aprili kuhusu Trans Nzoia hueleza ekari zilizolimwa, mbegu na mbolea zilizonunuliwa, na mavuno ya miaka iliyopita. Ya Agosti ndiyo ya kwanza kuweza kujua kama punje zimeshika.