Alzheimer haipandi mtumbwi: habari ya Uingereza na hofu ya ufuko wa Mweru

Kinachosemwa asubuhi katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, wakati magunia ya chisense yanapimwa, huvuka Ziwa Mweru hadi Kilwa na Pweto upande wa Kongo, na hakikawii kufika Kasumbalesa na Tunduma. Dagaa na uvumi husafiri pamoja. Kwa hiyo ni heri habari hii ielezwe vizuri kabla haijaharibika njiani: kwamba Alzheimer, ugonjwa unaomfanya mzee asahau hata majina ya wanawe, uliwahi kupitishwa kwa matibabu.

Jambo lipo, ila ni dogo kuliko sauti yake. Januari 2024, watafiti wa University College London wakiongozwa na Profesa John Collinge walieleza katika jarida la Nature Medicine habari za watu wanane. Watano kati yao walianza kuonyesha dalili za ugonjwa huo wakiwa na umri wa miaka 38 hadi 55, mapema mno. Wote wanane walikuwa watoto wafupi waliotibiwa kwa homoni ya ukuaji, na enzi hizo homoni hiyo ilitolewa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa maiti. Tezi za maiti wengi zilichanganywa pamoja, kwa hiyo chache zenye protini mbovu ziliweza kuchafua dawa ya watoto wengi. Uingereza peke yake watu 1,848 walidungwa dawa hiyo kati ya 1959 na 1985. Ilisimamishwa baada ya kubainika kwamba inaleta ugonjwa mwingine wa ubongo, Creutzfeldt-Jakob, unaoua. Tangu hapo homoni hutengenezwa maabara, bila maiti.

Wapo wataalamu wanaoona kwamba maradhi waliyokuwa nayo watu hao tangu utotoni yangeweza pia kudhuru kumbukumbu zao. Hata Collinge na wenzake walisisitiza kwamba Alzheimer haiambukizwi kwa kuishi na mgonjwa wala kwa kumuuguza. Walichoshauri ni usafishaji makini zaidi wa vyombo vya upasuaji wa ubongo, maana protini za aina hii hung'ang'ania chuma.

Kwetu ufukweni hatari iko kwingine. Nchelenge ina malaria kali, na mtoto aliyeishiwa damu anaweza kufa asipoongezewa upesi. Mzazi akikataa chupa ya damu kwa kuogopa kwamba mwanawe atakuja kusahau uzeeni, atampoteza mtoto kwa hofu isiyo na msingi. Uchunguzi uliofanywa Sweden na Denmark na kuchapishwa 2016 ulifuatilia zaidi ya watu milioni moja walioongezewa damu. Haukuona dalili kwamba Alzheimer hupita kwa njia hiyo.

Sindano iliyotumika ndiyo ya kuogopwa, na hapo Alzheimer haimo kabisa. Mfanyabiashara mwenye homa, mzigo ukimsubiri bandarini, hudungwa popote anapopata mtu mwenye bomba. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi siku saba au zaidi nje ya mwili, hata kwenye damu iliyokauka. VVU navyo hupita kwa sindano hiyohiyo. Dai bomba jipya, lifunguliwe mbele ya macho yako. Muuza dawa akinuna, anune.

Kisha kuna bibi anayepotea njia ya kwake, au anayeongea peke yake usiku. Sehemu nyingi za ukanda wetu mtu kama huyo huitwa mchawi. Kilifi, Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Zambia ina Sheria ya Uchawi tangu 1914, nayo inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Uvumi wa kwamba kusahau kunaambukiza ungempa jirani mbaya sababu ya pili ya kumtenga.

Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali, kama St Paul's pale Nchelenge, akisindikizwa na mtu anayejua mabadiliko yalianza lini. Kaswende, VVU, shinikizo la damu na upungufu wa vitamini B12 vyote huweza kuvuruga kumbukumbu, na vyote vina dawa. Akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, apimwe malaria siku hiyohiyo.