Fahamu: Bastola kiunoni, soda mezani

Mwaka 2009 bunge la jimbo la Tennessee, Marekani, lilipitisha sheria ya kumruhusu mwenye kibali cha bastola aingie nayo kwenye mgahawa unaouza pombe, mradi asinywe. Gavana Phil Bredesen aliipinga kwa kura ya turufu, wabunge wakamshinda. Novemba jaji wa Nashville akaibatilisha kwa kuwa haieleweki. Mwaka 2010 ikaandikwa upya, gavana akaipinga tena, akashindwa tena. Watetezi wa sheria hiyo wana hoja nzito: mwenye kibali amekwisha kuchunguzwa, na jambazi hasubiri ruhusa ya mtu. Ni kweli. Ila sharti la kutokunywa, ambalo ndilo roho ya sheria yenyewe, atalisimamia nani? Bastola imefichwa chini ya koti. Mhudumu anayemimina bia hajui amnyime nani, na polisi huitwa mambo yakishaharibika. Uchunguzi wa kibali hupima mwenendo wa mtu hadi jana. Haupimi glasi ya tatu. Mwenye baa anaweza kubandika tangazo la kukataza silaha, yaani kazi waliyoikwepa wabunge (tena mara mbili) ameachiwa yeye mlangoni.