Uzazi wa Kwanza (4): Mama wa mtoto njiti si mgeni wodini

Kila ifikapo Novemba 17, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, magazeti yetu hujaa picha za aina moja: mashine mpya iliyozungushiwa utepe, mgeni rasmi ameshika mkasi, wauguzi wamejipanga nyuma yake. Za mwaka huu nimezitazama mojamoja. Waliotoa mashine hizo nawashukuru kwa moyo wote, maana wodi zetu zinazihitaji. Ila mama wa mtoto simwoni pichani, na hilo linaniuma. Historia ya kuwaokoa watoto hawa nimeifuatilia tangu nikiwa mwanafunzi wa ukunga, na kwa sehemu kubwa ni historia ya mama aliyetolewa chumbani, ikachukua karibu miaka mia moja kumrudisha. Kwa sababu hiyo somo la kunyonyesha litasubiri kidogo.

Waliotufuata tangu sehemu ya kwanza wanazijua kliniki ya wajawazito, dalili za hatari na hatua za uchungu, nami sitazirudia. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4, karibu mmoja katika kila watoto kumi. Si jambo la familia chache zenye mkosi.

Kwa mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza, jambo hili humkuta hajajiandaa hata kidogo. Khanga za uzazi hazijafuliwa, mama yake mzazi hajafika kutoka kijijini, jina halijachaguliwa. Alitegemea vigelegele, badala yake mtoto analia kwa sauti ndogo au halii kabisa, anafunikwa na kuondolewa mbio. Majirani wanaokuja kumwona hawajui waseme hongera au pole, na wengi husema pole. Mimi nasema mpeni hongera. Amezaa. Mtoto yupo, anapumua, na jina linamsubiri. Furaha ya mwanamke huyu ni haki yake kama ya mzazi mwingine yeyote, na anayemnyima anamwongezea maradhi.

Usiku, akiwa peke yake kitandani na matiti yameanza kujaa maziwa asiyo na wa kumpa, hujihukumu. Labda ni ile ndoo ya maji. Labda ni ule ugomvi na wifi. Labda kuna mtu kamtupia jicho. Ukweli ni kwamba mtoto huja mapema kwa shinikizo la damu, kwa maambukizi, kwa malaria, kwa mimba ya mapacha, kwa chupa kupasuka kabla ya wakati wake. Na mara nyingi sababu haionekani kabisa. Mama mkwe anayefika wodini na swali la "ulifanya nini?" afadhali angebaki nyumbani akapika uji.

Sasa twende Paris, miaka ya 1870 ikielekea ukingoni. Stéphane Tarnier, daktari wa uzazi katika hospitali ya Maternité, alikuwa amechoka kuona njiti wakifa kwa baridi. Mtoto huyu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba. Joto humtoka upesi kuliko anavyoweza kulizalisha. Akishapoa anaacha kunyonya, sukari mwilini inashuka, pumzi zinaanza kukatika. Wakunga wa wakati ule waliwaviringisha kwa pamba na kuwawekea chupa za maji ya moto ubavuni. Tarnier alitembelea bustani ya wanyama iitwayo Jardin d'Acclimatation, akaiona mashine ya kutotoleshea vifaranga, na papo hapo akapata wazo. Alimwomba fundi wa mashine hiyo, Odile Martin, amtengenezee nyingine kubwa zaidi, ya watoto wa binadamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mashine ile ikaanza kazi Maternité: sanduku lenye kuta nene, maji ya moto chini, watoto juu, hewa yenye joto ikipanda kati yao. Mwaka 1883 daktari kijana wa hospitali hiyo, Alfred Auvard, alichapisha matokeo yake. Miongoni mwa watoto wenye uzito usiofika gramu 2,000, vifo vilishuka kutoka 66 hadi 38 katika kila mia. Fikirini: hapakuwa na umeme wodini, hapakuwa na dawa za antibayotiki. Joto tu. Tarnier huyohuyo ndiye aliyeeneza kuwalisha njiti kwa mrija, jambo ambalo wauguzi wetu hulifanya hadi leo kila baada ya saa mbili au tatu.

Hata hivyo, ninayempenda zaidi ni mwanafunzi wake, Pierre Budin. Budin aliona kasoro ambayo wengine hawakuiona: mashine ilimwokoa mtoto, lakini mama aliyekaa wiki nyingi bila kumgusa mwanawe alipoa moyo, maziwa yakamkauka, na wengine hawakurudi kumchukua. Akataka mashine zenye vioo ili mama amwone mtoto wake. Akawataka mama waingie, wanyonyeshe, wawe sehemu ya matibabu. Hayo yote aliyaandika katika kitabu chake *Le Nourrisson* cha mwaka 1900. Ni yeye pia ambaye mwaka 1892, katika hospitali ya Charité, alianzisha siku maalumu za mama kuwaleta watoto kupimwa uzito na kupewa ushauri. Kila mama anayemning'iniza mwanawe kwenye mizani ya kliniki, Bukoba au Mtwara, anafuata njia aliyoipasua Budin, na inanisikitisha kwamba vyuo vyetu havimtaji hata kwa mstari mmoja.

Dunia ilimsikia Budin nusunusu. Ilichukua mashine, ikamwacha mama. Mwaka 1896 watoto njiti waliwekwa kwenye maonyesho makubwa ya Berlin, ndani ya mashine, watu wakilipa kiingilio kuwatazama. Kisha akaja Martin Couney, ambaye kuanzia 1903 hadi 1943 aliendesha onyesho la namna hiyo Coney Island, New York, katikati ya bembea na michezo ya ufukweni. Mtazamaji alilipa senti 25; mzazi hakulipa chochote. Wengi humcheka Couney au kumlaani. Mimi simlaani. Hospitali nyingi za Marekani zilikuwa hazina pa kuwaweka watoto hao na ziliwaacha wafe. Yeye aliwapa joto, usafi, na maziwa ya wanawake aliowaajiri kunyonyesha, na maelfu walipona. Lakini mama aliyezaa alibaki ng'ambo ya kioo pamoja na watazamaji.

Hospitali zilipoamka, zilifunga mlango zaidi. Kwa kuogopa vijidudu, mama aliruhusiwa kuchungulia dirishani tu. Mashine zikawa bora, oksijeni ikamiminwa bila kipimo, na katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto waliopona walipofuka, kwa kuwa oksijeni nyingi iliharibu mishipa midogo ya macho yao. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti Michigan mwaka 1950, ni mmoja wao. Nalisema hili kwa viongozi wetu wanaokata utepe: mashine bila muuguzi aliyefundishwa na bila kipimo cha oksijeni inaweza kudhuru.

Aliyegeuza mambo ni daktari wa Kolombia. Mwaka 1978, katika Instituto Materno Infantil ya Bogotá, Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine. Mashine moja ilibeba wawili hadi watatu, maambukizi yakapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na watoto wengi walitelekezwa. Rey aliwatoa waliokwisha kutulia, akawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo. Duniani kote sasa inajulikana kama njia ya kangaruu. Umaskini wa Bogotá ulifika pale ambapo fedha za Paris na New York hazikufika: kwa mama mwenyewe.

Afrika haikukaa kando. Katika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, daktari Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo waliwaweka watoto kifuani tangu mwanzo bila kusubiri watulie, kwa kuwa mashine hawakuwa nazo. Taarifa yao ya mwaka 1994 inaonyesha kuwa katika watoto wa chini ya gramu 1,500, waliopona walipanda kutoka asilimia 10 hadi 50. Wataalamu wengi hawakuamini. Ilibidi kusubiri utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, jijini Dar es Salaam. Ulihusu watoto wa kilo moja hadi karibu kilo moja na gramu mia nane. Kundi moja lilianza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, na kitanda cha mama kikaletwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Jingine lilisubiri mtoto atulie kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0 kwa kundi la kwanza na 15.7 kwa la pili. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 mwongozo wa dunia ukabadilika: kangaruu ianze mapema iwezekanavyo.

Nataka kila Mtanzania ajivunie hilo. Ushahidi uliobadilisha tiba ya njiti ulimwenguni umetoka pia kwenye vifua vya mama wa Dar es Salaam.

Namna yenyewe haina fumbo. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi. Hulazwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili pua isizibwe, mikono na miguu imekunjwa, kisha hufungwa kwa khanga iliyokaza vizuri bila kumbana kifua, na juu yake mama huvaa blauzi au gauni lililo wazi mbele. Mama hulala ameegemea mito. Mtoto hupata joto lisilozimika umeme ukikatika, husikia mapigo ya moyo aliyoyazoea, husahau kupumua mara chache zaidi, na hupata kwa mama kinga dhidi ya vijidudu vya mazingira yake. Maziwa ya kwanza, ile dang'a ya manjano ambayo bado kuna wanaoikamua na kuimwaga, apewe yote, hata likiwa tone, kwa mrija au kikombe kidogo. Anayehitaji msaada wa kupumua apewe, na maadamu hajafikia kupumuliwa na mashine, mwongozo wa sasa hauoni kuwa hiyo ni sababu ya kumtenga na mama yake.

Hapo hofu ya mzazi mpya huanza kulegea. Siku mbili za kwanza humshika mtoto kana kwamba ni yai. Siku ya tatu anakwambia mwenyewe kwamba mtoto amebadilika rangi, kabla muuguzi hajaona. Mizani ikionyesha gramu ishirini za ziada, wodi nzima hupata habari. Na siku mtoto anapoachishwa mrija akashika titi, nimeona wanawake wakicheka na kulia kwa pamoja. Hakuna furaha ya uzazi niliyoishuhudia iliyoizidi hiyo.

Kwa nini basi mama huyu bado anafukuzwa wodini saa za kutazama wagonjwa zikiisha? Nimefanya kazi mahali ambapo mzazi wa njiti alilala kwenye benchi la ukumbini na kuitwa ndani kwa zamu kukamua maziwa. Kitanda kimoja, kiti cha kuegemea na sahani ya chakula vina gharama ndogo mno ukilinganisha na mashine yenye utepe. Na kina baba: kifua chenu nacho kina joto. Mama akienda kuoga au kulala, baba amchukue mtoto, au bibi, au shangazi. Anayeona haya kuvua shati mbele ya wauguzi kwa ajili ya mwanawe ajiulize haya hiyo inamsaidia nani.

Nafasi imebaki finyu na bado kuna suala la kazi, ambalo wasomaji wameniuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha akirudi kazini. Marekebisho yaliyopita mwanzoni mwa mwaka 2025 yamemtambua mama wa njiti: likizo yake inaongezewa kipindi kinachofidia wiki ambazo mimba haikuzitimiza. Ni hatua njema, na wote waliolipigania jambo hili wanastahili pongezi. Mama lishe na mkulima hawana sheria ya kuwalinda. Kwao ndugu ndio wa kushika jiko na shamba kwa miezi hiyo, na waanze kupanga zamu mtoto akiwa bado wodini. Aliyeajiriwa, kabla hajaruhusiwa, aombe cheti cha hospitali kinachoonyesha mimba ilikuwa na wiki ngapi siku aliyojifungua, kiwe na sahihi na muhuri, abaki na nakala yake mwenyewe, na cheti chenyewe kipelekwe kazini na mumewe au ndugu ili yeye asilazimike kumwacha mtoto.