Mpira wa zoni: nani anacheza na nani, na nani analipa tiketi

Kila mara mashindano ya Linafoot yanapokaribia, vijana wetu wanakaa kivulini na kubishana. Juu ya nini Mazembe ya Lubumbashi inaweza kumaliza miezi mingi bila kukutana na Vita ya Kinshasa? Juu ya nini ekipe ya Bukavu inatumwa Kindu, lakini Kinshasa haiendi? Sisi tunapita na beseni kichwani, tunasema hayo ni maneno ya wanaume. Lakini jibu lake linaingia nyumbani mwetu. Linamgusa mama mwenye mtoto anayecheza, linamgusa anayeuza karanga mlangoni mwa uwanja, na linamgusa yule anayesimama barabarani jioni akingoja watoto warudi.

Tuanze na ukubwa wa inchi. Kongo yetu ina kilometa za mraba zaidi ya milioni 2,3. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, hata kwa ndege inayokwenda moja kwa moja, ni zaidi ya kilometa 1.500. Wazee wanakumbuka njia ya zamani: unapanda treni Lubumbashi, unakwenda nayo mpaka Ilebo, halafu unashuka na mashua kwenye mto Kasai mpaka Kinshasa. Mfanyabiashara mwenye subira aliweza kufanya safari hiyo. Ekipe yenye mechi siku ya Jumapili haiwezi. Basi inabaki ndege, na ndege inataka feza.

Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye likelemba. Ekipe haisafiri na wachezaji 11 tu. Kuna wa akiba, kocha, daktari, mwenye kubeba vifaa, na viongozi wawili au watatu. Wanafika karibu watu 25. Kila mmoja anahitaji tiketi ya kwenda na ya kurudi, kitanda, na chakula. Sasa chukua mashindano yenye ekipe 20 katika kundi moja, kila moja ikicheza na kila nyingine nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 38, na 19 kati yake ni za ugenini. Ukigawa ekipe 24 kwa makundi mawili ya 12, kila ekipe inacheza mechi 22 tu mbele ya hatua ya mwisho, na safari zinakuwa 11. Tena nyingi ni za karibu, nyingine ziko katika muji uleule. Ekipe mbili za Lubumbashi zikikutana, hakuna mtu anayenunua tiketi ya ndege. Wanakwenda na basi, na wenye haraka wanatembea kwa miguu.

Ndiyo sababu viongozi wa mpira waligawa inchi kwa zoni tatu: Mashariki, Magharibi, na Kati-Kusini. Mashariki ilikuwa ya Kivu, Maniema na upande wa Kisangani. Magharibi ilikuwa na Kinshasa na majirani zake. Kati-Kusini iliweka pamoja Katanga na Kasai. Kila zoni ilitoa ekipe zake bora, kisha hizo zikakutana kutafuta bingwa wa inchi nzima. Kuanzia msimu wa 2018-19 walijaribu namna nyingine, wakaweka wote katika kundi moja. Mpira ukawa mtamu kweli, kila muji uliwaona wakubwa. Lakini safari ziliwachosha wenye mifuko midogo, na msimu wa 2022-23 ulikatika katikati, hakuna bingwa. Msimu uliofuata wakarudi kwenye makundi, mara hii mawili: Magharibi peke yake, na Mashariki pamoja na Kati-Kusini.

Hapo ndipo watu wengi wanafunga hadisi: ni jambo la ramani na feza, basi. Mimi naona ni nusu tu. Nusu nyingine ni upinzani, na upinzani haufuati ramani siku zote.

Angalia Lubumbashi. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, wakati muji ungali unaitwa Élisabethville. Mwaka uleule ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo, na mashabiki wake mpaka leo wanaitwa Cheminots, yaani watu wa reli. Huyu mtoto wa shule ya mapadri, yule mtoto wa reli. Mashindano ya kitaifa yalianza 1958, maana yake watu wa Lubumbashi walikuwa wamekwisha kugawanyika karibu miaka ishirini kabla ya mtu yeyote kuchora zoni. Kinshasa ni vilevile: Vita ilizaliwa 1935, Motema Pembe 1936. Zoni haikuzaa derbi. Zoni ilizikuta zimekwisha kukomaa, na ilifanya vizuri kuziacha ndani ya kundi moja, kwa sababu derbi inajaza uwanja bila gharama ya safari. Siku ya Mazembe na Lupopo, mwenye kuuza maji, mayai na mikate pale Kamalondo anamaliza bidhaa yake mapema. Siku ya mgeni asiyejulikana anarudi nyumbani na nusu ya beseni.

Kuna inchi nyingine kubwa iliyokutana na swali hilihili, na jibu lao linachekesha kidogo. Ni Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamepelekwa kuishi kama wakimbizi. Mpira wao wa kulipwa si huu wetu. Ni ule wa kukimbia na mpira mrefu mkononi huku wakigongana vichwa vilivyofunikwa na kofia ngumu. Mwaka 1970 ligi mbili zilikuwa zimeungana, na wenye ekipe za upande mmoja walishindwa kukubaliana nani akae kundi gani. Kila tajiri alitaka majirani wenye kujaza uwanja, na alitaka pia kukwepa baridi ya kaskazini. Walibishana mpaka mkuu wa ligi, Pete Rozelle, akachoka. Waliandika mipango mitano, wakaitia ndani ya chombo cha maua, na sekretari wake, mama Thelma Elkjer, akaingiza mkono na kutoa karatasi moja. Ikawa hiyo. Wanaume wenye mamilioni, na mkono wa sekretari ndio ulimaliza maneno.

Matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Dallas iko Texas, kusini, zaidi ya kilometa 2.000 kutoka New York. Lakini iko katika kundi la Mashariki pamoja na New York, Philadelphia na Washington. Mwaka 2002 walipanga tena ekipe zote 32 katika makundi manane ya ekipe nne nne, na safari hiyo waliangalia ramani zaidi. Hata hivyo Dallas haikuondolewa kwa wapinzani wake wa zamani. Mashabiki wamezoea kuchukiana kwa heshima, na chuki hiyo inauza tiketi na inajaza televisheni. Wenzetu hao wana feza ya ndege, kwa hiyo wanaweza kuchagua upinzani na kuacha ramani. Sisi hatuna, kwa hiyo ramani inatuchagulia.

Na ramani ikikuchagulia, kuna anayeumia. Kwanza ni kijana wa muji wa mbali. Akicheza msimu mzima bila kukutana na Vita wala Motema Pembe, anayetafuta wachezaji hamwoni, kamera hazimwoni. Tusiseme haiwezekani kabisa kutoka huko: Maniema Union ya Kindu ilifika mpaka hatua ya makundi ya ligi ya mabingwa wa Afrika msimu wa 2024-25, ikacheza na ekipe kubwa za Morocco na Afrika Kusini. Lakini njia ya mtoto wa Kindu ni ndefu kuliko ya mtoto wa Kinshasa, hata kama miguu yao ni sawa. Kwa wasichana ni vigumu zaidi, kwa sababu ekipe zao zina mfuko mwembamba kuliko za kaka zao. Wale wa TP Mazembe waliochukua kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake mwaka 2024, wakiifunga AS FAR ya Morocco 1-0 kwenye fainali, walikuwa na kilabu tajiri nyuma yao. Binti wa muji mdogo hana.

Pili ni jambo ambalo wachoraji wa zoni hawaliandiki. Wao wanahesabu kilometa, lakini watu wanakuja uwanjani na kumbukumbu. Kati-Kusini iliwaweka pamoja Katanga na Kasai, na Sanga Balende ya Mbuji-Mayi ikawa inakwenda Lubumbashi mara kwa mara. Yeyote aliyeishi Likasi au Kolwezi miaka ya 1992 na 1993, wakati familia za Wakasai zilipofukuzwa na kulala wiki nyingi kwenye stesheni zikingoja treni, anajua kwamba mechi kama hiyo si mechi tu. Kijana wa miaka kumi na sita hakuwako. Alichonacho ni maneno aliyoyasikia mezani kwetu. Akisikia jina baya la watu fulani Jumamosi, ataliimba Jumapili pamoja na maelfu.

Wengine wanasema: basi watenganisheni wapinzani, amani itakuja. Mambo yaliyotokea hayakubali. Mazembe na Vita ni wapinzani wa mbali, wametenganishwa na inchi nzima. Tarehe 11 Mei 2014 walikutana Kinshasa katika uwanja wa Tata Raphaël. Mashabiki walirusha mawe, polisi wakatumia moshi wa machozi, watu wakakimbilia milango, wakakanyagana. Walikufa watu 15. Ukiwaweka wakubwa mbali mwaka mzima, hasira haipotei, inangoja mechi mbili au tatu za mwisho. Na upinzani mdogo wa jirani na jirani nao unaua. Butembo, Septemba 2008, katika mechi ya Nyuki na Socozaki, mlinda mlango alishitakiwa kufanya uchawi uwanjani. Vurugu ikaanza, polisi wakaingilia, watu wakakanyagana. Walikufa watu 13, na kati yao mlikuwamo watoto wa miaka kumi na moja, kumi na miwili. Hakukuwa na kombe la Afrika wala kamera. Ulikuwa mchezo wa nyumbani.

Maoni yangu ni kwamba zoni zibaki. Inchi isiyo na barabara haiwezi kujidanganya kwamba ni kijiji kimoja, na msimu usiofika mwisho haumsaidii kijana yeyote, wa Kinshasa wala wa Kindu. Lakini feza inayookolewa kwenye tiketi za ndege ingepaswa kuonekana mahali fulani: milango mipana ya kutokea, watu wa kuongoza umati, na hatua ya mwisho yenye nafasi za kutosha kwa ekipe za mbali ili vijana wao waonekane. Mama akiuliza mambo hayo kwenye mkutano wa komini, hajaingia katika mambo ya wanaume. Anauliza habari za mtoto wake.

Vikundi vilivyo karibu na viwanja, ombeni kalenda kwa viongozi wa ekipe ya kwenu mwanzoni mwa msimu, muweke alama kwenye derbi. Mwenye kuuza ajue mapema siku ya kukopa bidhaa nyingi, na apange meza yake upande wa barabara, asiibane njia ya watu. Mtoto mdogo asiende derbi bila mkubwa. Wale wanaokwenda pamoja wachague mahali pa kukutana baada ya mechi, kwenye mti au duka linalojulikana, mbali na mlango. Mlangoni ndipo watu wanaanguka. Na kukiwa na kelele ndani, mkubwa abaki ameketi na mtoto mpaka njia ifunguke, hata kama giza limeingia na mama anangoja.