Bati Jepesi Penye Hewa ya Chumvi

Daladala nyingi zinazotoka mjini Unguja, iwe 502 ya Bububu, 505 ya Uwanja wa Ndege au 116 inayokwenda Nungwi, zimepata sura yake mikononi mwa fundi wa hapahapa. Gari huingia kisiwani ikiwa lori dogo la Kijapani. Fundi huondoa sehemu ya mzigo, kisha juu ya chesisi hujenga bodi ya mbao na chuma: mabenchi yanayotazamana, ubavu ulio wazi ili upepo upite, turubai la kuteremsha mvua ikija, na paa imara la kubeba magunia, ndizi na baiskeli.

Adui wa kazi hii ni chumvi. Kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi hakina pahala ambapo upepo wa bahari haufiki, na bati la chuma likishapata mkwaruzo mmoja tu, kutu huanza kazi chini ya rangi.

Alumini, madini yaleyale ya sufuria za jikoni, haina kutu ya namna hiyo. Ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba mgumu unaoilinda. Tena ni nyepesi. Kwa kuwa ni laini kuliko chuma, fundi hulazimika kutumia bati nene zaidi. Hata hivyo, mita mraba moja ya bati la alumini lenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa kilo 4 hivi, na ya chuma cha milimita 1 inakaribia kilo 8. Katika gari ambayo nusu ya mzigo wake umepandishwa juu ya paa, kila kilo inayopunguzwa juu huisaidia isiyumbe kwenye kona.

Waingereza waliijua faida ya alumini kwa dhiki. Mwaka 1948, chuma kikiwa bado kinagawiwa kwa kipimo baada ya vita, Land Rover ya kwanza ilitoka na bodi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Gari hizo zilienea Afrika Mashariki yote, na bodi zake zimezeeka vizuri.

Kuifanyia kazi alumini kunataka subira. Alumini ikigongwa sana hukakamaa na kupasuka, hivyo sharti ilainishwe kwa moto. Tatizo ni kwamba haigeuki nyekundu kama chuma. Hufika nyuzi 660 na kuyeyuka ghafla mbele ya macho ya fundi. Dawa yake ni kipande cha sabuni. Hupakwa upande mmoja wa bati, moto ukapitishwa upande wa pili, na sabuni ikigeuka nyeusi, moto huondolewa. Ujuzi huu haugharimu kitu, na umeokoa bati nyingi.

Penye hatari hasa ni kwenye maungio. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, huliwa taratibu na kuwa unga mweupe. Hata Land Rover nyingi za zamani, ambazo kwingine zimezeeka vizuri, ziliharibika hivyo palepale bati lilipokutana na fremu. Kwa hiyo baina ya viwili hivyo huwekwa mpira au rangi nzito, na ribiti ziwe za alumini.

Mwenye gari anayetaka bodi ya alumini asiishie kuuliza bei ya bati. Kabla ribiti ya kwanza haijapigwa, amuulize fundi ataweka nini kati ya bati na fremu.